Mtoto wa darasa la awali anahitaji watu wa kuzungumza naye

Kila mwaka Januari inapokaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: ninunue nini ili mwanangu asiachwe nyuma darasa la awali? Wengine wameshanunua madaftari, wengine wanatafuta mwalimu wa tuisheni kwa mtoto wa miaka minne. Kazi yangu ni kuwanoa walimu wa awali na kukaa na kamati za shule, na jibu langu kwa wazazi hao halibadiliki. Mtoto wa umri huo anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye kila siku juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Jambo hilo linawezekana katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, na linaweza kukosekana katika nyumba yenye televisheni ya ukuta mzima.

Ubongo wa mtoto anapotimiza miaka mitano huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Unavyojijenga katika miaka hiyo hutegemea sana namna mtoto anavyojibiwa. Amemnyooshea kidole kuku, mama akasema, "Eeh, tetea yule ana vifaranga. Unawaona wangapi?" Mtoto akajibu, mama akamwongezea neno. Hayo sisi wa fani hii tunayaita malezi yenye mwitikio, na ni moja ya nguzo tano za programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, maarufu kama MMMAM, ambayo serikali ya Tanzania iliizindua Desemba 2021. Nguzo nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Afya ina zahanati na wauguzi wake. Mwitikio hauna mtumishi wa serikali: mwenye kazi hiyo ni mama, baba, bibi, dada wa nyumbani, na jirani ambaye mtoto hushinda kwake.

Chukua genge la nyanya. Mwenye genge hupanga mafungu: la nyanya nne ni tatu chini na moja juu, la tano ni nne chini na moja juu. Mtoto wake yuko pembeni, na mara nyingi huambiwa, "Usishike, utaziponda." Mama mmoja niliyemkuta sokoni alifanya vingine. Alimsogezea mwanawe nyanya ndogondogo akamwambia, "Haya baba, nipangie kama la kwangu." Mtoto akaweka tatu, lakini alikuwa amezitawanya, ya nne ikatumbukia katikati. Mama hakunyoosha mkono. Alimuuliza tu, "Mbona la kwangu halianguki?" Mtoto akalikodolea macho fungu la mama, akazisogeza zake mpaka zikagusana, akaweka ya juu, ikakaa. Ndani ya dakika chache alikuwa amehesabu, amelinganisha, amekosea na kujirekebisha. Kilicholeta yote hayo ni lile swali, na kwamba mama alimwachia nafasi ajibu mwenyewe huku wateja wakisubiri.

Michezo yetu ya uani nayo imebeba mengi kuliko tunavyodhani. Mdako ndio ninaoupenda zaidi. Watoto wanachimba kishimo, wanajaza kokoto. Mchezaji anarusha jiwe moja juu, na kabla halijatua anakomba kokoto nje ya shimo, kisha analidaka. Anarusha tena, anazirudisha zote na kubakiza moja tu nje. Zikibaki mbili wakati zamu ni ya mojamoja, ameungua, anampisha mwenzake. Wakimaliza mojamoja wanahamia mbilimbili, halafu tatutatu. Mtoto anayefika shuleni akiwa ameucheza sana ana makundi ya namba kichwani, na vidole vyake viko tayari kwa penseli. Nikiingia darasa la awali nikakuta watoto wamekaa kimya wakinakili "a e i o u" kutoka ubaoni asubuhi nzima, huwa natamani mwalimu awatoe nje wakachimbe kishimo.

Na jioni kuna vitendawili. Kinachonivutia ni pale watoto wanaposhindwa. Bibi anasema, "Kitendawili!" Wajukuu wanaitikia, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wanajaribu chungu, wanajaribu nazi, wapi. Bibi anadai: "Nipeni mji." Mmoja anasema, "Nakupa Tanga." Basi bibi anaanza kusimulia: alikwenda Tanga, akafikia kwa watu wakarimu, akala samaki, akavikwa nguo mpya, na aliporudi wakamwambia jibu ni yai. Kwa mtoto wa miaka mitano hiyo ni hadithi nzima yenye mwanzo na mwisho, majina ya miji, na maneno ambayo hatayasikia katika mazungumzo ya "kaoge", "njoo ule", "kalale". Tunawashauri wazazi wasikimbilie kutoa jibu. Mwache mtoto akisie ovyo, na kila akikisia muulize kwa nini. Aliyesema "nazi" ana sababu yake, tena nzuri.

Ipo hoja ninayokutana nayo vijijini: bibi hajui Kiswahili sawasawa, je, asimulie kwa Kigogo au Kisukuma wakati shule ni ya Kiswahili? Asimulie, tena kwa lugha anayoimudu. Mtoto aliyezoea kufuata kisa kirefu, kuuliza na kusimulia upya kwa lugha ya nyumbani, huhamisha uwezo huo akijifunza Kiswahili. Bibi akilazimishwa kutumia lugha asiyoimudu, atafupisha, atanyamaza, na mtoto atakosa vyote viwili. Kiswahili nacho mtoto akisikie mapema, kutoka kwa wanaokiongea vizuri: majirani, watoto wenzake, redio.

Sasa tuingie shuleni. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto walioandikishwa awali Tanzania waliongezeka kutoka takribani milioni 1 mwaka uliotangulia hadi takribani milioni 1.5. Ni neema kubwa. Lakini mtaala unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila anayezifahamu shule zetu za umma anajua kwamba madarasa mengi yanavuka idadi hiyo mara mbili, mara tatu. Mwalimu wa namna hiyo, hata awe hodari vipi, hawezi kumsemesha kila mtoto. Hapo ndipo jamii inapohitajika, na hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu mikutano mingi ya wazazi inajua aina moja tu ya msaada: mchango wa fedha wa kujenga.

Pwani yetu ina mfano wa zaidi ya miaka 30. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate msingi wa kuingia shule bila kupoteza mafunzo ya dini. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya Said, mwalimu wa hukohuko, alianza kuandaa darasa la awali ndani ya madrasa. Mpango ukavuka kwenda Zanzibar, kisha Uganda. Wanajamii walitoa chumba, wakaunda kamati, wakachagua akina mama wa mtaani wafunzwe ualimu. Vifaa vya kuchezea vilikuwa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na vizibo. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili zenye adabu ambazo wazazi walizitambua. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha makundi matatu ya watoto katika nchi hizo. Waliosoma shule za awali za aina yoyote walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizo walikuwa mbele zaidi. Kwa maoni yangu siri haikuwa vifuu. Mwalimu alikuwa jirani, wazazi walijisikia darasa ni lao, na mtoto alizungumzishwa na watu wale wale nyumbani, madrasa na njiani.

Zanzibar pia ilijaribu redio. Vipindi vya Tucheze Tujifunze viliendeshwa na watu wa kijiji waliokaa na watoto, redio ikiuliza swali na kunyamaza kidogo, watoto wakijibu, wakiruka, wakihesabu. Ule ukimya baada ya swali ndio unaoitofautisha na katuni ya kumnyamazisha mtoto wakati wewe unapika. Hata katuni nzuri ya Kiswahili, na siku hizi zipo, humfaa zaidi mtoto ukikaa naye na kumuuliza: unadhani atafanya nini sasa?

Uji sitauzungumzia sana, kwa kuwa wengi wameshauelewa: mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hasikilizi. Wazazi wakichangia mahindi, karanga kidogo na kuni, na wakipeana zamu za kupika, mahudhurio hubadilika. Ombi langu ni moja tu, mpishi wa zamu apewe ruhusa ya kukaa na watoto wakati wa kunywa na kupiga nao soga.

Akina baba ndio kazi ngumu zaidi. Mwanaume akiitwa shuleni hudhani kuna faini au kuna ujenzi. Katika kamati moja tulimwomba fundi seremala aje darasani na futi kamba na vipande vya mbao. Hakufundisha chochote kwa maana ya ubaoni. Alipima meza, akawapa watoto wapime, akawauliza kipi kirefu na wamejuaje. Mtoto mmoja ambaye mwalimu alidhani ni mzito wa kuongea aling'ang'ana na kamba ile na kueleza alichokiona hadi muda ukaisha. Mvuvi anaweza kuleta wavu, mshonaji vitambaa, mkulima mbegu za aina mbalimbali za kuchambua. Hakuna anayehitaji cheti.

Basi kwenye kikao cha wazazi cha Januari, hoja ya kupeleka ni ratiba ya wageni wa darasa la awali: kila wiki mzazi au mzee mmoja, kwa muda usiozidi nusu saa, na kazi ya mikono au hadithi anayoijua. Mwalimu akae naye kabla, amweleze kwamba hatahubiri wala kuandikisha herufi, atauliza na kungoja. Kamati ikubaliane pia juu ya usalama tangu mwanzo: kila mgeni afahamike kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, jina lake liandikwe kwenye daftari la wageni, na asiachwe peke yake na watoto hata kidogo, awe babu wa nani. Mwalimu abaki chumbani muda wote, akiandika ni watoto gani wameongea siku hiyo na ni wepi hawajafungua mdomo, ili wiki inayofuata mgeni aanze na hao.