Dawa ya majani inayotuliza maumivu hufanya kazi wapi?

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa dawa kuhusu dawa za mitishamba za maumivu huanza, karibu yote, kwa maneno yaleyale: "Niliambiwa haina kemikali." Hakuna jani lisilo na kemikali. Jani linalotuliza maumivu hutuliza kwa kemikali zilizomo ndani yake, na la kuuliza ni kemikali hizo hushika wapi mwilini.

Tuchukue kratomu, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki ambao vibarua wamekuwa wakitafuna majani yake ili kustahimili kazi ya jua kali. Kiini chake kikuu, yaani kemikali inayofanya kazi, ni mitrajinini, na ini hugeuza sehemu yake kuwa kiini kingine chenye nguvu zaidi. Viini hivi hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vilevile vinavyoshikwa na mofini, dawa kali ya maumivu; vipokezi hivyo ni vingi katika pembe ya nyuma ya ugwe mgongo, yaani kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, mahali ambapo mshipa wa fahamu utokao, tuseme, gotini hukabidhi taarifa ya maumivu kwa mshipa mwingine wa kuipandisha ubongoni. Kipokezi kikishikwa, milango ya kalisiamu kwenye ncha ya mshipa wa kwanza hufungwa na kemikali za kupeleka taarifa hutoka kwa uchache, huku potasiamu ikitoka katika seli ya pili na kuifanya iwe nzito kuamka. Goti lenyewe limebaki vilevile. Kwa sababu hiyo hatukubali lebo isemayo "huondoa chanzo cha maumivu", hata muuzaji aape.

Vipokezi hivyo vimo pia katika utumbo, ndiyo sababu ya choo kuwa kigumu, na katika shina la ubongo linaloongoza upumuaji. Ni kweli kwamba mitrajinini huviamsha nusunusu tu, lakini jambo hilo halimlindi na kudhoofika kwa pumzi anayeichanganya na pombe au dawa za usingizi. Anayeitumia kila siku akiacha ghafla huweza kuumwa misuli, kutokwa kamasi na kukosa usingizi.

Thailand iliharamisha mti huu mwaka 1943 na kuuondoa katika orodha ya dawa za kulevya mwaka 2021; sheria ya nchi nyingine si kibali cha kuuza hapa. Mwombaji wa usajili wa dawa yoyote ya mitishamba aonyeshe jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, kiasi cha kiini katika kila dozi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na alete sampuli zisizofunguliwa. Lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine hurudishwa bila kusomwa. Bidhaa isiyosajiliwa huzuiwa, mwenye nayo hupewa hati ya uzuiaji na kutakiwa kujieleza kwa maandishi, na maelezo yasiporidhisha, bidhaa huteketezwa kwa gharama ya mwenye nayo, mbali na mashtaka yanayoweza kufuata.

Mlalamikaji naye alete chupa yenyewe pamoja na mabaki ya dawa, si picha yake. Tunaomba pia isioshwe. Nyingi tunazoletewa zinang'aa, na maabara haina cha kupima.