Kidonda kimepona, mbona bado panauma?

Wagonjwa wangu huliuliza swali hili kwa aibu, maana wengi wamekwisha kuambiwa kwamba wanajifanya. Hawajifanyi. Mimi huanza kuwajibu kwa kitu ambacho eksirei haikioni: milango ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme.

Utando wa neva umejaa protini zenye tundu katikati, ndizo milango yenyewe. Tundu likifunguka, sodiamu huingia na chaji yake, umeme huzuka, na habari ya maumivu hukimbia hadi uti wa mgongo. Ganzi ya daktari wa meno haina uchawi wowote, huyaziba tu matundu hayo kwa muda.

Katika maumivu sugu, milango yenyewe hubadilika tabia. Ule uitwao TRPV1 kwa kawaida hufunguka joto likikaribia nyuzi 43 za Selsiasi. Kemikali za uvimbe huulegeza, hata maji ya vuguvugu yakaunguza. Neva iliyokatwa nayo hurundika milango ya sodiamu pale ilipojeruhiwa, ikawa inatoa umeme bila kuguswa. Hapo usitafute kidonda. Neva ndiyo inayoumwa.

Mlango wa sodiamu unaonivutia kuliko yote ni Nav1.7. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia za kaskazini mwa Pakistan zilizokuwa na watoto waliozaliwa mlango huu ukiwa haufanyi kazi. Watoto hao hawakuwahi kuhisi maumivu: walijing'ata ndimi, wakavunjika mifupa bila kujua. Wengine jeni inayouunda mlango huu, SCN9A, huwapa kasoro ya kinyume: mlango hufunguka upesi mno, na joto kidogo tu huifanya miguu iwe myekundu na kuwaka kama imetiwa motoni.

Basi si tuuzibe tu? Imejaribiwa sana, na dawa nyingi zimeishia kwenye majaribio. Milango ya sodiamu iko aina tisa, inafanana kama ndugu wa tumbo moja, na moyo unautegemea mmojawapo. Dawa ya suzetrijini, inayoziba mlango mwingine wa sodiamu, Nav1.8, iliidhinishwa Marekani Januari 2025, lakini kwa maumivu ya ghafla, si haya sugu.

Kwa sasa ninachoandika mara nyingi ni gabapentini. Jina lake linapotosha, maana linakumbusha GABA, kemikali ya kutuliza neva, lakini dawa yenyewe hushika sehemu ya milango ya kalisi, ikapunguza kemikali ambazo neva humwaga kwenye uti wa mgongo. Ubongo nao una milango hiyo, ndiyo sababu ya usingizi na kizunguzungu. Kwa hiyo huanza na dozi ndogo ya usiku, nikapandisha polepole.