Kopo dogo, uzito wa ajabu: maswali kuhusu mionzi kwenye vyuma chakavu Mombasa

Kuanzia Changamwe hadi Miritini na Jomvu, vyuma chakavu vinalisha nyumba nyingi: msukuma mkokoteni, kibarua wa kukata kwa gesi, mwenye mzani, dereva wa lori. Kuhusu kukatwa na mabati kila mmoja wao anajua la kufanya. Kuhusu mionzi, maswali ni mengi.

Chuma kinaingiaje mionzi?

Mara nyingi chuma chenyewe hakina kosa. Kosa ni kifaa kilichochanganyika nacho. Mashine za zamani za kutibu saratani hubeba kobalti-60 au sesiamu-137, vitu ambavyo vyenyewe hutoa mionzi. Mafundi wanaokagua kama mabomba yamechomelewa sawasawa hutumia kamera zenye iridiamu-192. Viwanda, vya saruji vikiwemo, hufunga vipimo vyenye sesiamu pembeni mwa matangi ili kujua yamejaa kiasi gani. Kiwanda kikifungwa, karatasi zikapotea na vitu vya ghala vikauzwa kwa jumla, anayekuja kuvunja hana habari kuna nini ndani.

Tena kuna mtego. Madini ya risasi (si ya bunduki) huzuia mionzi, kwa hiyo chembe ile ndogo ya hatari hufungiwa ndani ya kasha nene la risasi. Sasa mwenye yadi anaona nini? Anaona kitu kidogo, kizito, chenye risasi safi ya kuuza. Kinga iliyowekwa ili watu wasiumie ndiyo inayomfanya mtu achukue nyundo.

Basi tutakitambuaje?

Kwa pua au mkono hutakitambua. Mionzi hainuki, haiwashi, wala haitoi joto la kukushtua. Angalia uzito usiolingana na umbo: kopo la ukubwa wa debe linalohitaji watu wawili kuliinua lina jambo. Angalia pia alama ya mapanga matatu kama ya feni, meusi kwenye rangi ya manjano. Tangu 2007 kuna alama nyingine ya pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Iliwekwa mahususi kwa asiyejua maana ya yale mapanga. Lakini rangi huchubuka na vibao hung'olewa. Usingoje alama ndipo uogope.

Mashine ya eksirei je?

Ile ya kawaida ya kupiga picha ikichomolewa umeme haitoi mionzi yoyote. Shida ni kwamba mashine ya kutibu saratani yenye kobalti, kwa macho ya mvunja vyuma, haina tofauti kubwa na hiyo. Mashine yoyote ya hospitali ikifika yadini bila karatasi zake, iache ilivyo.

Inaumizaje mwili?

Mionzi mikali huua seli, na zinazotangulia kufa ni zile zinazozaliana upesi: za uboho, za utumbo, za mizizi ya nywele. Aliyepata nyingi kwa mara moja huanza kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache. Halafu anaweza kupata nafuu siku kadhaa akadhani yamekwisha. Baada ya wiki mbili au tatu nywele hung'oka, chembe za damu hushuka, na homa ndogo tu inaweza kumlaza. Aliyekishika kwa mkono au kukitia mfukoni huota wekundu na malengelenge kama ya moto, na moto hakuugusa. Kiasi kidogo hakimwangushi mtu leo, ila huongeza uwezekano wa saratani baadaye.

Imewahi kutokea kweli, au ni hadithi za kututisha?

Imetokea. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, vijana wawili walichukua sehemu ya mashine ya saratani kwenye kliniki iliyohamwa, wakaifungua, wakaiuza kwa mwenye yadi. Usiku yule bwana akaona unga unaong'aa buluu. Akafurahi, akaita ndugu na marafiki, akawagawia chembe kama punje za mchele. Mtoto wa miaka 6 alikula mikono ikiwa na ule unga.

Aliyeshtuka wa kwanza ni mke wa mwenye yadi, alipoona kila mtu nyumbani anaugua. Alikitia kile kitu kwenye mfuko, akapanda nao basi hadi zahanati. Watu wanne walifariki, akiwemo yeye, yule mtoto na vibarua wawili wa yadi. Watu kama 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo.

Mwaka 2000 yakatokea Samut Prakan, Thailand, wakafa watatu. Mwaka 2010 ikawa Delhi, India, kwa mashine ya chuo kikuu iliyouzwa mnadani.

Ya mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, nayo yalikuwa mionzi?

Hapana. Yale yalikuwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, nayo ni balaa nyingine kamili, hasa kwa watoto. Ila ukumbuke jambo moja: anayevunja kasha la mionzi ili ayeyushe risasi anajiletea yote mawili.

Si tukitupe tu baharini?

Hata kule Goiânia wazima moto walitaka kukitosa mtoni, mtaalamu wa fizikia akawawahi. Ukikitupa kwenye mkondo wa Tudor au ukikifukia shambani, umemhamishia mwenzio tatizo, awe mvuvi au mtoto anayechimba. Wala usisubiri kiishe nguvu. Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, kwa hiyo kifaa kilichosahauliwa tangu miaka ya tisini bado kina makali.

Tukikiona, tufanye nini?

Usikikate, usikigonge, usikipakie garini. Ondokeni. Ukienda mara mbili ya umbali uliokuwapo, mionzi inayokufikia hushuka hadi robo, kwa hiyo hata hatua chache ni dawa. Zuieni watu na watoto wasikaribie, kisha pigeni 999 au 112 na mwombe Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, KNRA, ijulishwe. Waliokishika wasile wala wasivute sigara kabla ya kunawa. Wavue nguo za juu wazitie kwenye mfuko na kuufunga, kisha waoge kwa maji na sabuni bila kusugua kwa nguvu. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya uchafu.

Najua kinachowafunga wengi mdomo. Tangu biashara hii ilipopigwa marufuku kwa muda mwaka 2022, mwenye yadi huona simu kwa serikali kama kujipeleka mwenyewe. Kwa maoni yangu, ofisa anayeanza kwa kuuliza leseni kabla ya kuuliza nani ameumia anawafundisha watu kuficha. Hata hivyo, piga.

Mgonjwa wa mionzi anaambukiza?

Aliyepigwa na mionzi kwa mbali hana cha kukupa. Mwenye vumbi la mionzi mwilini au nguoni anaweza kukupaka, ndiyo maana huogeshwa kwanza.

Maziwa yanasaidia? Na vidonge vya iodini?

Maziwa ambayo mafundi hunywa baada ya kuchomelea hayaondoi mionzi mwilini. Iodini hulinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi tu, na kwa kobalti au sesiamu haina kazi. Ipo dawa ya kusaidia kutoa sesiamu mwilini, lakini hutolewa na daktari.

Nondo za nyumba yangu je?

Kule Ciudad Juárez, Meksiko, kobalti iliyeyushwa pamoja na vyuma, ikatoka nondo. Ilijulikana Januari 1984 lori lilipopita karibu na kifaa cha kupimia, kikalia. Nyumba nyingi zikabidi zibomolewe. Ndiyo sababu viwanda makini hupima kila lori kabla ya tanuri. Kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo nunua nondo zenye chapa ya kiwanda na uweke risiti.

Hospitalini niseme nini?

Taja kazi yako kabla ya kutaja tumbo. Kutapika na homa, hapa kwetu, daktari atawaza malaria au chakula, na hutamlaumu. Mwambie: nakata vyuma, juzi tulifungua kitu kizito, na wenzangu wawili nao wanatapika. Kule Samut Prakan madaktari waligundua hivyo hivyo, walipoona watu wa yadi moja wanaletwa na mikono iliyoungua na nywele zinazong'oka.