Nilivyomsoma upya Mwana Kupona: dhana potofu kuhusu ufeministi na imani

Nilipoanza kusoma ufeministi, yaani fikra za kutetea haki na usawa wa wanawake, na maisha yao ya kiroho, shangazi aliniuliza kama bado naswali. Naswali. Lakini dhana hiyo naikuta kila mahali: kwamba masomo haya humtoa mwanamke katika dini.

Ukweli ni kwamba wengi walioyajenga ni waumini. Mwaka 1989 Mercy Amba Oduyoye wa Ghana alikutana na wanateolojia wenzake wa Kiafrika mjini Accra, wakaanzisha umoja wa wanawake unaoandika mpaka leo. Hawakulihama kanisa, waliuliza wakiwa ndani.

Wengine husema haya ni ya Kizungu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa pwani ya Kenya, aliwaunganisha Wagiriama wenzake dhidi ya Waingereza kwa kifudu, ngoma ya msiba, na kwa viapo vya kaya, misitu yao mitakatifu. Walipompeleka uhamishoni Kisii alitoroka, akarudi kwao kwa miguu. Nguvu ile aliitoa katika imani ya wazee wake.

Dhana iliyonishika mimi mwenyewe ni kwamba mwanamke katika dini alikuwa wa kusikiliza tu. Nilikuwa nayo hata nikijua kuwa Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, alisimulia hadithi 2210 za Mtume, na kwamba masahaba wanaume walimwendea kumuuliza.

Aliyenibadilisha ni Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya. Shuleni tulifundishwa utenzi wake wa mwaka 1858 kama somo la utii wa mke. Utii umo, tena mwingi: radhi ya mume anaifungamanisha na pepo, na beti hizo bado zinaniuma. Ila tulizikariri hizo, nyingine tukazipita. Mtunzi alikuwa mjane, tena mgonjwa. Anamwita bintiye aje akae karibu na wino na karatasi. Wino wa nini, kama binti hakujua kuandika? Na mwishoni anaomba dua ndefu, anamwelekea Mungu mwenyewe, anawaombea watoto wake, anaomba afya.

Siku hizi nikiushika utenzi ule natafuta kwanza nani anasema, na anamhofia nani. Nasikia mama anayemwachia binti yake njia pekee ya usalama aliyoijua.

Nilimsomea shangazi. Beti za dua alizijua, alizisikia kwa bibi yake. Aliniomba nirudie pale pa wino na karatasi.