Kanuni ya dakika mbili ndani ya mapitio ya wiki

Mapitio ya wiki ni kikao cha mtu na shughuli zake mwenyewe. Mara moja kwa wiki, kwa saa moja au mbili, anapitia kila alichojifunga kukifanya: kazi za ofisini, ada za watoto, michango, fundi anayesubiriwa, barua pepe isiyojibiwa. Kanuni ya dakika mbili nayo inasema hivi: jambo linaloweza kuisha ndani ya dakika mbili lifanye papo hapo, usiliandike popote. Yote mawili yamo kwenye kitabu Getting Things Done cha mwaka 2001, cha Mmarekani David Allen, mshauri wa utendaji kazi. Kila moja lina faida yake. Tatizo huanza pale kanuni inaporuhusiwa kukimeza kikao.

Kwa nini dakika mbili? Ni suala la gharama. Tuseme umeme umebaki uniti tatu. Ukiandika "nunua LUKU", mstari huo utausoma tena jioni, utausoma kesho, na kila ukiusoma utajiuliza kama tayari umenunua au bado. Simu iko mkononi, salio lipo, na kazi yenyewe ni kulipa na kuingiza tarakimu 20 kwenye mita. Kulitunza jambo hilo kunakula muda mwingi kuliko kulimaliza. Hiyo tu ndiyo hoja ya kanuni, na namba mbili haina uchawi wowote. Allen mwenyewe anaeleza kwamba ni kipimo cha kukisia: ukiwa na nafasi kubwa unaweza kuisogeza hadi dakika tano au kumi, ukibanwa unaishusha hadi nusu dakika.

Lakini kanuni hii ina mahali pake, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Imewekwa kwenye hatua ya kuchambua vitu vipya, yaani vilivyomo kwenye kikapu cha karatasi zinazoingia, kwenye barua pepe, kwenye meseji. Unashika kimoja na kujiuliza: hiki ni nini, kinadai nifanye lolote, na hatua ya kwanza ni ipi? Ikiwa hatua hiyo ni fupi, unaifanya. Ikiwa inamhusu mwingine, unamkabidhi. Isipokuwa hivyo, inaandikwa kwenye orodha au kwenye kalenda. Akili wakati huo inashughulika na kitu kimoja, kwa hiyo kukimaliza hakuivurugi.

Mapitio ya wiki huanza kwa hatua hiyohiyo. Unakusanya risiti na vikaratasi vilivyojaa mfukoni, unamaliza kikapu, unamwaga kwenye daftari yote yanayozunguka kichwani. Hapa kanuni inafanya kazi bila shida. Kisha kikao kinageuka. Unafungua kalenda ya wiki iliyopita na ya wiki zijazo, orodha ya kazi, orodha ya mambo unayoyasubiri kwa watu wengine, na orodha ya mipango mikubwa. Sasa huchambui tena kitu kimoja kimoja, unatazama vinavyogusana: ada inadaiwa Januari, na mwezi huohuo ndio ulioahidi kuezeka nyumba kijijini, na zamu yako ya kupokea kwenye kikundi cha kuweka akiba ni Machi. Kuyaona haya matatu kwa pamoja ndiyo faida yote ya mapitio. Ukiruka kwenda kununua LUKU katikati, ukirudi unakuta mstari mmoja tu mbele ya macho, na picha imevunjika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa, lakini fundi anayekagua nyumba akianza kukoroga saruji kwenye ufa wa kwanza anaoukuta sebuleni, jua litazama kabla hajafika jikoni, na huenda ufa wa kutisha uko huko.

Halafu kuna suala la muda wenyewe. Orodha yenye mistari 60 haikosi mistari 15 ya vijikazi. Kumi na tano mara dakika mbili ni nusu saa, yaani nusu ya kikao cha saa moja. Na hiyo ni hesabu ya huruma, kwa sababu vijikazi vingi viko ndani ya simu. Unafungua WhatsApp kumwambia mjomba kwamba hela zimefika, unakuta ujumbe 40 kwenye kikundi cha harusi, mmoja wao unakuuliza wewe kwa jina. Dakika mbili za kwenye simu hazijawahi kuwa mbili kwangu.

Ninachofanya, na ninachomshauri yeyote anayeanza, ni kuweka alama. Nikifika kwenye orodha na kukuta jambo fupi, naliwekea kinyota kwa penseli na kusonga mbele. Mapitio yakiisha, nanyoosha mgongo, nakunywa chai, kisha nakaa dakika 20 au 30 kuvimaliza vyenye vinyota mfululizo, simu zote pamoja, malipo yote pamoja. Linalofaa kuvunja utaratibu huu ni lile ambalo mlango wake unafungwa saa hiyohiyo, kama malipo ambayo mwisho wake ni leo.

Mtu anaweza kuhofu kwamba vinyota hivyo vitamsumbua akili mpaka avimalize. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyesoma Berlin, aliripoti kwamba watu aliowapima walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko walizozimaliza. Kiporo kinang'ang'ania. Lakini mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba kupanga waziwazi lini na vipi utalifanya jambo kunaweza kutosha kuupunguza usumbufu huo, hata kabla ya kuligusa. Kinyota chenye saa yake, "nikimaliza hapa, kabla ya magharibi", ni mpango wa namna hiyo. Kinyota bila saa ni deni tu.

Jambo moja zaidi, na kwangu ndilo linalolipa kuliko yote. Ukiacha kuvimaliza vijikazi hapohapo, utaanza kuona vipi vinarudi. Kinachoonekana mapitio ya kwanza ni kijikazi. Kikionekana tena mara ya tatu, kikiwa bado cha dakika mbili, kuna kitu kimejificha nyuma yake. Wakati fulani mstari "mpigie mwenye nyumba" ulikaa kwenye orodha yangu wiki nne. Simu yenyewe ni fupi, namba ninayo, na mzee yule hana ubaya wowote. Wiki ya nne ndipo nilipojiuliza kwa dhati: nikimpigia, nitamwambia nini? Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu nyumbani hatukuwa tumeamua kama tunaongeza mkataba au tunahama. Kama kanuni ya dakika mbili ingenisukuma kupiga simu siku ile ya kwanza, ningeahidi mwaka mzima wa kodi kwa kukosa jibu lingine. Nikaufuta mstari ule. Mahali pake nikaandika: "Jumamosi baada ya kifungua kinywa, mimi na mke wangu, kuhama au kubaki." Hilo halikuwa la dakika mbili. Lilituchukua asubuhi nzima.