Usiniambie tena kwamba wanaimba lugha iliyokufa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye semina ya walimu wa sauti hapa Dublin. Mwenzetu mmoja, mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi, akasimama kueleza shindano la nyimbo la Pan Celtic. Alipofika kwenye Kisiwa cha Man akateremsha sauti kama mtu aliye msibani, akasema wale huleta wimbo kwa kuwaenzi mababu tu, maana lugha yao ilikufa mwaka 1974. Ukumbi mzima ukasikitika. Maneno hayohayo nimeyasikia harusini, nimeyasikia kwenye meli ya kutoka Liverpool kwenda Douglas, na sasa naletewa na wasomaji wangu kwa Kiswahili. Nimechoka nayo. Leo nayajibu.

Ya haraka kwanza. Kisiwa cha Man, kwa lugha yake ya Kimanx Ellan Vannin, kiko katikati ya bahari inayotenganisha Ireland na Uingereza. Kina kilomita za mraba 572 na watu elfu themanini na kitu. Kiko chini ya Taji la Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza: kina bunge lake, Tynwald, na sheria zake. Tamasha la Pan Celtic lilianzia Killarney, Ireland, mwaka 1971, na mataifa yanayohesabika ni sita, yale yenye lugha za ukoo wa Kikelti: Ireland, Scotland, Wales, Cornwall, Brittany na Man. Kila taifa huchuja nyumbani kwake, halafu washindi hukutana Ireland siku za Pasaka au baada yake. Mchujo wa Man unaitwa Arrane son Mannin, yaani wimbo kwa ajili ya Mannin, ndiyo Man. Kwa wanaouliza mbona wasipeleke mwanamuziki mwenye jina: ndugu wa Bee Gees walizaliwa Douglas, ni kweli, ila waliimba Kiingereza, na Kiingereza hapa hakipiti mlangoni.

Masharti ni mawili. Wimbo uwe katika lugha ya Kikelti, na uwe mpya, maneno na muziki. La kwanza kila mtu analikumbuka. La pili watu wanalivuka kama vile si kitu, na kosa lote linaanzia hapo. Wimbo wa kale unaweza kukaririwa na kasuku. Mpe mtu kaseti, mpe wiki mbili, atakuimbia bila kuelewa neno. Wimbo mpya lazima uwe na mtu aliyekaa usiku akitafuta neno la silabi mbili lenye maana ya kukawia, akalipata, akalikataa kwa sababu linafanana mno na lililotangulia. Huyo mtu yuko hai. Ana simu, ana kodi ya nyumba, na anafikiri kwa Kimanx.

Sasa huo mwaka 1974. Aliyefariki tarehe 27 Desemba mwaka huo ni mzee Ned Maddrell, mvuvi, mzaliwa wa 1877. Alikuwa wa mwisho katika kizazi kilichopokea Kimanx kutoka kwa wakubwa wao kama lugha ya nyumbani. Yeye alikipata Cregneash, kijiji cha kusini mwa kisiwa, akilelewa na bibi wa ukoo wake asiyejua Kiingereza. Kifo chake kilikata kitu, sibishi. Kilikata mnyororo wa mama kwa mtoto. Lakini kusema kwamba lugha nayo ilizikwa siku hiyo ni kudai kwamba chumba kilikuwa kitupu, na chumba hakikuwa kitupu.

Miaka mingi kabla ya hapo vijana walikuwa wakiwafuata wazee wale majumbani, jikoni na mashambani, wanakaa nao, wanauliza, wanakosea, wanasahihishwa. Mmoja wao alikuwa Brian Stowell, mwanafizikia, aliyemjua Maddrell mwenyewe na ambaye mwaka 2006 alitoa riwaya ndefu ya kwanza kwa Kimanx. Mwaka 1947 Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ireland, alikitembelea kisiwa akakutana na Maddrell. Mwaka uliofuata Tume ya Hadithi za Jadi ya Ireland ikamtuma Kevin Danaher na mashine ya kurekodi. Sauti zile zipo. Nimezisikiliza hadi nikajua ni mzee yupi anayekohoa kabla ya kuanza sentensi. Kwa hiyo Maddrell alipoingia kaburini, walibaki watu waliojifunza kutoka kinywani mwake, na mwaka 2001 ikafunguliwa Bunscoill Ghaelgagh, shule ya msingi inayofundisha masomo yote kwa Kimanx. Mwaka 2009 UNESCO ilipokiorodhesha Kimanx kuwa lugha iliyotoweka, watoto wa shule hiyo waliandika barua wakiuliza: kama lugha yetu imetoweka, barua hii tumeiandika kwa lugha gani? Waliiandika kwa Kimanx. Orodha ikabadilishwa.

Sensa ya 2011 ilihesabu watu 1,823 waliosema wanaweza kuzungumza, kusoma au kuandika Kimanx. Ndio wachache. Wales ina wasemaji zaidi ya nusu milioni, na mchujo wake, Cân i Gymru, unarushwa kwenye televisheni. Uchache ni jambo moja, kifo ni jambo jingine, na mtu mzima anapaswa kuyatofautisha.

Nije kwenye kazi yangu, kwani ndiko ninakoudhika zaidi. Wanaosema lugha imekufa huongeza kwamba kinachoimbwa ni Kiayalandi kilichoandikwa vibaya. Wanaangalia karatasi. Asante kwa Kiayalandi ni "go raibh maith agat", kwa Kimanx ni "gura mie ayd". Kwa macho utadhani ni mbingu na ardhi, ila ukizitamka utasikia ni dada wawili. Tahajia ya Kimanx ilipangwa kivyake, na watu waliozoea kusoma Kiingereza. Ila usikimbilie kusema ni kitu kilekile. Kinywa cha Man kina mambo yake.

Sisi wa Kiswahili tunaingia mlango huu kwa urahisi kuliko Waingereza. Mwingereza hushangaa kwamba kisiwa ni Mannin ukikitaja peke yake, lakini Ellan Vannin ukitanguliza "kisiwa". M imekuwa v. "Moddey" ni mbwa, "my voddey" ni mbwa wangu. "Thie" ni nyumba, "my hie" nyumba yangu. Neno linabadilika kichwani, siyo mkiani. Mimi niliyekua nikisema ulimi na ndimi, kirefu na ndefu, sikuona ajabu yoyote. L na r zetu zinakuwa d zikiguswa na n, na hakuna mtoto wa Tanga aliyewahi kulalamika. Mwimbaji asiyebadilisha herufi hizo anasikika mara moja, kama mtu anayesema "nrefu".

Kuna jingine gumu zaidi, na hili naomba mnivumilie. Kwenye rekodi za wazee, neno fupi linaloishia na n mara nyingi hupata d ndogo mbele ya hiyo n. "Ben", mwanamke, husikika "bedn". "Shen", ile, husikika "shedn". Jaribu. Sisi tuna nd: ndege, ndoo, ndiyo. Pua kwanza, ulimi ufunguke baadaye. Wao wanageuza: ulimi unaziba, halafu pumzi inatokea puani. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "ndoo", kisha useme "bedn". Katika neno la pili hutasikia pumzi mwishoni, imepita juu.

Ukisema tu, hakuna shida. Imba sasa. Mtunzi amekupa noti ya mapigo manne juu ya "ben". Mwimbaji wa taarabu akifika kwenye "mtoto" anaipa m noti yake kamili, kwa kuwa m yetu ni silabi na inavutika. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Man alitaka kuivuta n vivyo hivyo, imlie puani kwa mapigo mawili. Haiwezekani ukiwa na d mbele, kwa sababu d ni ukuta: sauti inakatika hapo. Ninachofundisha ni kukaa juu ya e mpaka pigo la mwisho kabisa, kisha kufunga "dn" kwa haraka bila kuibana koo. Ukiwahi kufunga, wimbo unakuwa na kwikwi. Ukiiacha kabisa, unakuwa laini, na unapoteza kile kinachomwambia msikilizaji kwamba huyu ametoka kisiwa kile, siyo Galway.

Hapa pia ndipo nina wasiwasi ambao vitabu havitaji. Wazee waliorekodiwa 1948 walikuwa na umri mkubwa, na wenzao wa kuzungumza nao walikuwa wamebaki wachache. Tena sehemu kubwa ya tulichonacho wanaongea tu. Je, binti wa miaka ishirini aliyekuzwa na Kimanx shuleni, ambaye anasema "ben" bila d, anakosea? Nilipoanza nilimsahihisha kila aliyesema hivyo. Baadaye nikaacha kabisa, nikiona kwamba lugha ni yake na mimi ni mgeni kutoka pwani nyingine. Sasa namuuliza mwimbaji mwenyewe, naye huchagua kwa wimbo husika. Sina hakika kwamba ndiyo njia sahihi. Najua tu kwamba huwezi kuwa na ugomvi huu juu ya maiti.

Mwaka jana nilikuwa kisiwani wakati kikundi cha watu watatu kinajiandaa kwa mchujo. Mtunzi alitaka kuweka intaneti kwenye wimbo wa mapenzi. Kimanx wanasema "eddyr-voggyl", ambayo ni "moggyl", tundu la wavu, pamoja na "eddyr", baina, m ikiwa imegeuka v kama ilivyo desturi. Sisi nasi tulikwenda kwenye wavu huohuo tukapata mtandao. Neno zuri, lakini lina silabi nne, na tuni ilikuwa na noti tatu. Walibishana robo saa, kwa Kimanx mwanzo hadi mwisho, yule wa gitaa akipiga meza. Mtoto wa mtunzi, aliyekuwa akifanya kazi ya shule pembeni, akainua kichwa akawatajia "chellvane", simu, silabi mbili, akarudi kwenye hesabu zake. Ndilo waliloimba.