Ugumu wa weldi za dupleksi: dhana potofu na ukweli

Gesi inayotoka na mvuke wa Olkaria na Menengai ina haidrojeni salfaidi, ambayo hupasua chuma kilicho kigumu mno, kwa hiyo mteja wa huku Nakuru akiagiza bomba la dupleksi (chuma cha pua chenye mchanganyiko wa feraiti na austenaiti), hatakosa kuuliza ugumu wa weldi. Shida ni majibu anayopewa.

"Kikomo ni 250 HV."

Hiyo 250 ya kipimo cha Vickers (HV) ni ya chuma cha kaboni (kama 22 kwa Rockwell C, yaani HRC). Bamba la 2205 (dupleksi ya kawaida) lenyewe, kabla halijaguswa na moto, mara nyingi husoma kati ya 240 na 270 HV10 (Vickers kwa mzigo wa kilo 10). Ukishikilia 250 utafelisha hata bamba la kiwandani. Mikataba mingi huweka 310 HV10 kwa 2205 na 350 kwa supadupleksi (dupleksi yenye aloi nyingi zaidi). Usome mkataba wenyewe, kwa sababu ASME IX (kanuni ya kuidhinisha uchomeleaji) peke yake haidai kipimo cha ugumu: inataka kipimo cha kuvuta na cha kukunja.

"Ikipita ugumu, weldi ni nzima."

Hapa ndipo watu huumia. Weldi ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 1000 za Selsiasi, sigma (chembe ngumu zinazovunjika upesi) huanza kuota ndani ya chuma. Asilimia chache tu zinatosha kuondoa uwezo wake wa kuhimili kishindo na kutu, huku Vickers ikibaki karibu palepale. Weldi inasoma 285, karatasi inapigwa mhuri, na ndani imeshakuwa kigae. Kinachoikamata sigma ni vipimo vya kiwango cha ASTM A923: sampuli iliyong'arishwa na kuchomwa kwa kemikali ya sodiamu haidroksaidi ili muundo uonekane, kipimo cha kishindo cha Charpy kwa nyuzi -40 (angalau jouli 34 kwenye weldi ya 2205, 54 kwenye bamba), na kipimo cha kutu cha feriki kloraidi. Ongeza hesabu ya feraiti chini ya hadubini.

"Ikiwa ngumu mno, ipashe moto."

Hapana! Kuipasha nyuzi 600 kama chuma cha kaboni ni kuipikia sigma. Tiba ya moto ni nyuzi 1040 hadi 1100, kisha maji papo hapo, na nani atafanya hivyo bomba likiwa tayari limefungwa? Heri ushughulikie chanzo. Pima ruti (tabaka la kwanza, chini kabisa ya weldi) kwanza: kila tabaka linalofuata huipasha na kuipoza, inavutwa na kubanwa, inakazika. Joto kati ya matabaka lisipite nyuzi 150, nishati iwe kilojouli 0.5 hadi 2.5 kwa milimita ya weldi, waya wa kuchomelea uwe 2209. Usiyeyushe kingo bila waya, feraiti itazidi.

"HRC au HV, jedwali litabadilisha."

Jedwali la ASTM E140 halikutungwa kwa dupleksi. Kikomo kikiwa HV10, pima HV10. Alama yake ni kama milimita 0.27 tu, inaingia kwenye ukanda mwembamba ulioathiriwa na joto. Ya Rockwell ni pana mno. Piga mistari ya alama ndani ya milimita 2 kutoka uso wa juu na wa ruti.

Na kipimo cha mkono cha kurukaruka, kile kinachodundisha kidude juu ya chuma? Kwenye bomba jembamba ukuta hutetemeka, namba hudanganya. Usikitegemee kupitisha utaratibu wa kuchomelea.